Kimo cha Butoyi

Mimi ni seremala wa Gungu.
Nimechonga vitanda vya maharusi, nimechonga majeneza,
na kwa miaka ishirini nilipimia mwili mmoja tu:
wangu.

Butoyi alikuja kwa baiskeli ya mikono,
magurudumu matatu, moja limefungwa kwa waya,
akaagiza chanja ya kuanikia dagaa pale Kibirizi.
Nikaipeleka Jumamosi, wavu nimeuwamba
kama kitanda cha mgeni.
Akaitazama kutoka chini, ubao usawa wa kidevu.
"Fundi," akasema, "ulimpima nani?"

Sikujibu. Nilikuwa nimepima kitovu changu.

"Ishushe. Na hii papi ya mbele ing'oe,
magoti yangu hayajui kupiga hodi."

Nikaikata miguu palepale mchangani,
unga wa mbao ukiwamwagikia dagaa wa watu,
nikitukanwa kwa Kiha na kwa Kibembe.

Upande wa pili alishika Sadoki, mwanagenzi wangu.
Sadoki hasikii. Huweka kiganja juu ya ubao
akanionyesha kwamba msumeno umekuwa butu
wakati masikio yangu bado yanausifu.
Mashine ya randa ikiwaka, karakana nzima ni viziwi
isipokuwa yeye, maana yeye ana lugha.
Tukaijifunza, tukianza na matusi.
Siku hizi mimi na mke wangu, watoto wakishalala,
tunagombana kwa mikono, taa imewashwa,
na hakuna anayeweza kusema hakusikia.

Mwezi haukwisha.
Mama Nyandwi, aliyeinama ufukweni
hata mgongo ukasahau kunyooka,
alivuta kigoda, akakaa kando ya Butoyi,
akawa anageuza dagaa huku anakunywa chai.
Upepo ukapita juu ya wavu, ukapita chini,
dagaa wakakauka kabla ya adhuhuri
bila punje ya mchanga.
Bila mchanga!
Wanunuzi wa Dodoma walitafuna,
wakasikiliza meno yao,
wakaongeza bei.

Basi wale wa "maskini Butoyi"
wakaanza kuja kwangu na fedha mkononi:
"Nifanyie kama ya yule."

Akaja afisa na daftari.
Akatembea kati ya chanja, zote fupi, zote wazi mbele,
akaandika: *desturi ya wenyeji.*
Nilitaka kumwambia desturi hii ina jina,
ina deni la sukari dukani kwa Rajabu,
inapenda mihogo ya kuchemsha na pilipili mbichi,
na asubuhi hii imeamka na hasira.
Lakini kalamu yake ilikuwa imekwisha fungwa.

Karakanani hatusemi sentimita sitini na nane.
Tunasema butoyi.
Butoyi moja kwenda juu, butoyi tatu kwenda mbele.
Sadoki ameipa ishara yake:
kiwiko kimetua juu ya kiganja,
kama mtu aliyefika kazini na hana haraka.

Jana simu ililia kutoka Kirando.
"Fundi, nataka chanja arobaini, kimo butoyi.
Hivi butoyi ni futi ngapi?"
Mwenyewe alikuwepo, anasubiri gurudumu lake.
Nikampa simu.
Alicheka mpaka baiskeli ikayumba.
Kisha akaniuliza mimi, si yule wa Kirando:
"Na kwa kila mguu wa chanja, mimi napata ngapi?"

Nikajifanya natafuta misumari.

Akanisubiri. Misumari ilikuwa mfukoni mwangu.

"Haya, hilo tutalizungumza, na utalizungumza ukiwa umekaa.
Sasa chukua futi kamba, twende choo cha soko.
Miaka kumi na moja nabana mkojo mpaka jioni
kwa sababu ya mlango wa fundi fulani
aliyepima kitovu chake."

Nilikuwa bado natafuta la kusema.
Sadoki alishafunga karakana,
penseli iko sikioni.